Bakteria wa Gram hasi hutoaje mizigo yao nje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wanafunzi wa udaktari, wa maabara na wa kilimo. Machache yametoka kwa watu wasio na mtihani wowote mbele yao, waliotaka tu kujua kwa nini dawa fulani ilidunda kwa mgonjwa wao. Majibu hayalingani urefu, na sikutaka yalingane: penye nyama nimekaa, penye mfupa nimepita.

Gram ni nani, na "hasi" maana yake nini?

Hans Christian Gram alikuwa daktari kutoka Denmark. Mwaka 1884, akiwa Berlin, alikuwa akitafuta namna ya kuwaona bakteria ndani ya vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Alipaka rangi ya zambarau, akafuatisha iodini, kisha akasuuza kwa alkoholi. Kuna bakteria walioishika rangi hiyo, na kuna ambao iliwatoka. Hao iliowatoka ndio Gram hasi. Siku hizi maabara huwapaka rangi ya pili, na chini ya hadubini huonekana waridi.

Kwa hiyo "hasi" ni jibu la kipimo cha rangi tu. Haina maana kwamba hawa ndio wabaya na wenzao wa Gram chanya ni wema. Kinachowatofautisha ni ujenzi wa nyumba zao, na hapo ndipo habari yetu yote inapoanzia.

Ugumu uko wapi hasa? Si wafungue tu mlango?

Fikiria nyumba yenye ua uliozungushiwa ukuta. Bakteria wa Gram chanya anaishi katika nyumba isiyo na ua: ana utando mmoja, na nje yake ukuta mnene wa peptidoglikani wenye matundu mengi. Protini ikishavuka utando, karibu imefika barabarani. Wa Gram hasi ana tando mbili. Kuna utando wa ndani, kisha ua unaoitwa periplazimu wenye upana wa nanomita 20 hivi ukiwa na safu nyembamba ya peptidoglikani, kisha utando wa nje. Mzigo ukivuka ukuta wa kwanza umeingia uani tu. Bado haujatoka.

Taabu ya pili ndiyo inayosahauliwa na wengi. Uani hakuna mafuta ya kuendeshea mashine. ATP, ambayo ndiyo nishati inayosukuma mashine nyingi za seli, iko ndani tu. Utando wa nje una vitundu vinavyoundwa na protini ziitwazo porini (si porini kwa tembo na nyati, jina limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya njia ya kupitia), navyo huruhusu vitu vidogo vya hadi daltoni 600 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) kupenya. ATP ina daltoni 507. Bakteria angeimwaga uani, ingevuja mpaka nje kama maji kwenye tenga.

Basi mashine iliyoko kwenye ukuta wa nje haina umeme wake. Lazima isukumwe na injini iliyo ndani, au mzigo wenyewe ujikokote kwa namna nyingine. Ukilishika hili, mifumo yote utakayoisoma utaiona kuwa ni majibu tofauti ya swali moja.

Wanatoa vitu gani?

Sumu, vimeng'enya vya kumeng'enya chakula kilicho nje, protini za kujishikiza, DNA, sukari ndefu za kujifunika, molekuli za kukamatia madini ya chuma, mafuta ya kujengea utando wa nje, na takataka, ambamo kwa bahati mbaya yetu antibiotiki nazo huhesabiwa.

Protini inajuaje kwamba inatakiwa itoke?

Inabeba anwani yake. Mwanzoni mwa uzi wa protini kuna kipande cha asidi amino 20 hadi 30 hivi kinachotambuliwa langoni, na kikishavuka hukatwa. Wazo kwamba anwani imeandikwa ndani ya protini yenyewe ndilo lililompa Günter Blobel Tuzo ya Nobel ya mwaka 1999, ingawa yeye alifanya kazi zaidi na seli za wanyama.

Lango kubwa la utando wa ndani linaitwa Sec. Protini hupita hapo ikiwa bado uzi, haijajikunja, kwa sababu uzi wenye fundo haupenyi tundu la sindano. Protini moja, SecB, huwazuia wasafiri wengi wasijikunje mapema; nyingine, SecA, huwasukuma kidogo kidogo kwa kutumia ATP.

Kuna lango la pili, Tat, linalofanya kinyume: hupitisha protini zilizokwisha kujikunja. Linahitajika kwa protini zinazowekewa madini au viungo vingine zikiwa bado ndani, maana kitu hicho kikishafungwa ndani yake huwezi kuzikunjua tena. Anwani ya Tat ina arijinini (mojawapo ya asidi amino) mbili zilizofuatana, na nishati yake hutoka kwenye tofauti ya protoni kati ya pande mbili za utando. Ila Sec na Tat zote mbili huishia uani.

Mbona vitabu vinataja mifumo ya kutolea mizigo ya aina I, II, III hadi IX na kuendelea? Kuna mpangilio wowote?

Namba zilifuata zaidi mwendo wa ugunduzi na wa kupeana majina. Hazina uhusiano na ukubwa wala umuhimu, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta mantiki ndani yake.

Mimi huwaambia wanafunzi waulize jambo moja: je, mzigo unapumzika uani? Aina ya I, III, IV na VI kwa kawaida hutoboa kuta zote mbili na kupeleka mzigo moja kwa moja. Aina ya II na V hufanya safari mbili: kwanza Sec au Tat mpaka uani, kisha mashine nyingine ya kumalizia. Ukijua hilo umekwisha jua nusu.

Aina ya I inafanyaje kazi?

Ni sehemu tatu tu, na ndiyo rahisi kuliko zote. Mfano unaojulikana sana ni hemolisini, sumu inayopasua chembe za damu, ya E. coli wanaosababisha maambukizi ya njia ya mkojo. Pampu inayotumia ATP, HlyB, iko kwenye utando wa ndani. HlyD ni kiungo. TolC ni bomba la kutokea nje. Anwani iko mwishoni mwa protini, si mwanzoni, na haikatwi.

Ninachokipenda hapa ni chumvi ya kalisi. Hemolisini ina asidi amino 1,024, na husafiri ikiwa uzi. Ndani ya seli kalisi ni kidogo mno, nje ni tele. Kichwa cha uzi kikitokeza nje, kalisi hukishika, kikajikunja, na kilichojikunja hakirudi tena tunduni. Kalisi inasaidia kuhakikisha safari haina kinyumenyume.

Sumu ya kipindupindu hutokaje?

Hili linastahili jibu refu, kwa sababu historia yake yenyewe ni historia ya swali letu.

Robert Koch alipomtambua Vibrio cholerae, katika safari yake ya Misri na Kolkata ya miaka ya 1883 na 1884, alihisi kwamba kijidudu huyu huua kwa sumu. Hakuweza kuithibitisha. Ilichukua miaka 75. Mwaka 1959 Sambhu Nath De, akiwa Kolkata hiyo hiyo, alichukua maji ambamo bakteria walikuwa wameoteshwa, akayachuja mpaka hakuna bakteria aliyebaki, kisha akayaweka ndani ya sehemu ya utumbo wa sungura iliyofungwa pande mbili. Utumbo ulijaa maji. Bakteria hawakuwepo, ugonjwa ulikuwepo. Maana yake bakteria alikuwa amekitoa kitu nje ya mwili wake, na kitu hicho peke yake kilitosha. Kwa maoni yangu hilo ni mojawapo ya majaribio safi kabisa katika mikrobiolojia, na De hakutukuzwa alivyostahili.

Kitu hicho kina vipande sita: kimoja cha A na vitano vya B. Kila kipande huvuka utando wa ndani kupitia Sec kikiwa uzi. Huko uani hujikunja, hufungwa kwa vifungo vya salfa, vitano vya B hukaa duara na A ikawekwa juu yao. Yaani ua umefanywa karakana. Kisha inakuja kazi ngumu: kutoa sumu iliyokwisha kuundwa, kubwa kiasi cha daltoni 85,000, bila kuibomoa na bila kuvujisha kila kitu kingine.

Hiyo ndiyo kazi ya mfumo wa aina ya II. Kwenye utando wa nje kuna lango kubwa la duara lililoundwa na nakala 15 za protini EpsD, lenye kizuizi ndani yake. Injini, EpsE, iko ndani kabisa ya seli ambako ATP ipo. Inapozunguka hujenga kifimbo kifupi uani, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kifimbo hicho husukuma mzigo kama fimbo ya pampu ya baiskeli inavyosukuma hewa. Kumbuka lile la mafuta: injini ndani, msukumo uani, lango nje.

Sumu ikishatoka, vipande vya B hushika seli za utumbo, A huingia na kuufungulia mfereji wa chumvi usifungike. Chumvi hutoka, maji hufuata. Mgonjwa mzito anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa, na ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari huokoa maisha hata kabla ya antibiotiki. Bakteria mwenyewe haingii hata kwenye seli ya utumbo. Amekaa juu, amefungua lango, basi.

Kuna kioja kimoja. Jeni za sumu hii si za bakteria kwa asili. Zililetwa na kirusi kinachoambukiza bakteria, jambo lililoelezwa na Matthew Waldor na John Mekalanos mwaka 1996. Na kirusi hicho kinapotoka nje ya bakteria hupita lango lile lile la EpsD. Mgeni kaleta sumu, na yeye na sumu yake wanatumia mlango mmoja.

Kwa nini kipindupindu huleta kuhara maji, na Shigella huleta kuhara damu?

Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, mashariki mwa Kongo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi mno kwa kuhara. Kwanza kilikuja kipindupindu, kisha kikafuata kuhara damu kwa Shigella. Wote wawili ni Gram hasi, wote wamo kwenye maji na mikono michafu, wote wanashambulia utumbo. Tofauti kubwa iko kwenye njia wanayotolea silaha.

Vibrio hurusha sumu majini na kuacha isambae. Shigella hapotezi silaha majini. Ana mfumo wa aina ya III: mashine yenye msingi kwenye tando zote mbili na sindano inayochomoza nje. Ncha ya sindano ikigusa seli ya binadamu, protini mbili, IpaB na IpaC, hutoboa utando wa seli hiyo, na protini nyingine hupitishwa moja kwa moja kutoka ndani ya bakteria hadi ndani ya mtu. Tundu la sindano lina upana wa nanomita 2 na ushei, kwa hiyo kila kinachopita hupita kikiwa uzi. Picha za kwanza za mashine hii ikiwa nzima zilitolewa mwaka 1998 kutoka kwa Salmonella, ndugu yake wa karibu.

Protini hizo zikishaingia, seli ya utumbo hujikunjua na kumkumbatia bakteria yenyewe. Anaingia, anazaana, anahamia seli ya jirani. Seli zinakufa, kinga inakuja na hasira zake, utumbo unachubuka. Damu unayoiona kwenye choo ni ya vita hivyo. Huenda ni kwa sababu silaha hii hailengi ovyo kwamba bakteria 10 hadi 100 wanatosha kumwangusha mtu. Vibrio kwa kawaida anahitaji mamilioni.

Shigella hana mikia ya kuogelea. Ndani ya seli yetu husafiri kwa kutumia protini yake moja, IcsA, iliyokaa kwenye ncha moja ya mwili wake, ambayo huikusanya aktini yetu sisi, protini ya nyuzi za ndani ya seli, na kuifanya mkia wa kumsukuma. IcsA nayo hutolewa kwa aina ya V, ambayo nitaigusa baadaye. Kijidudu kimoja, njia mbili, kila moja na kazi yake.

Ni kweli sindano hiyo ina undugu na mkia wa bakteria?

Ndiyo. Mkia wa kuogelea wa bakteria una kiwanda cha kutolea protini kwenye shina lake kinachofanana sana na kile cha sindano, na sehemu nyingi za msingi ni za ukoo mmoja. Mkia hukua kwa kupitisha protini ndani ya tundu lake mpaka nchani. Yaani unarefuka kutoka mbele, tofauti na unywele unaokua kutoka shinani.

DNA inaweza kutolewa nje?

Inaweza, na hapa ndipo kazi ya aina ya IV ilipo. Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha mwaka 1946 kwamba bakteria hubadilishana jeni. Leo tunajua mashine inayohusika: bakteria mmoja humshika mwenzake, na plazimidi, kipande kidogo cha DNA kilicho kando na kromosomu, hupitishwa ikiwa uzi mmoja wa DNA ulioongozwa na protini iliyobanwa kichwani mwake. Plazimidi hizo ndizo zinazobeba jeni nyingi za usugu wa dawa kutoka kwa E. coli kwenda kwa Klebsiella, bakteria mwingine wa Gram hasi, katika wodi moja.

Agrobacterium tumefaciens, bakteria wa udongoni, huipeleka DNA yake ndani ya mmea. Hutumia protini za VirB 11 pamoja na VirD4, na mmea hufanya uvimbe unaomlisha bakteria. Wataalamu wa mazao wameichukua njia hiyo hiyo kuingiza jeni wanazozitaka kwenye mimea. Wanaoiona kazi hiyo kuwa ni kuingilia maumbile huwa nawaeleza habari ya viazi vitamu: mwaka 2015 watafiti walipima aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa, na zote zilikuwa na vipande vya DNA ya Agrobacterium vilivyoingia humo zamani, bila maabara yoyote. Tumekuwa tukivila na chai miaka yote.

Helicobacter pylori, yule wa vidonda vya tumbo, hutumia aina ya IV kuingiza protini ya CagA ndani ya seli za tumbo, na wenye CagA huhusishwa zaidi na saratani ya tumbo.

Aina ya VI ndiyo ile ya mkuki?

Ndiyo hiyo. Mwaka 2006 kundi la Mekalanos, huko Harvard, liliieleza katika Vibrio cholerae likiwatumia amiba kama walengwa. Ndani ya seli kuna ala ndefu iliyobana, na ndani ya ala kuna mrija wenye ncha kali. Ala hunywea kwa muda usiofika milisekunde 5, na mrija hufyatuka kupita tando za mpigaji mwenyewe na kumchoma jirani. Muundo wake unafanana na mkia wa virusi vya T4 vinavyoshambulia bakteria. Baada ya kufyatua, ClpV hukunjua ala kwa ATP ili vipande vitumike tena.

Mara nyingi adui si mtu, ni bakteria mwingine. Ndugu wa damu hawadhuriki kwa sababu wana protini za kinga dhidi ya sumu yao wenyewe. Pseudomonas aeruginosa, bakteria mwingine wa Gram hasi, ana tabia ya kulipiza: hupiga upande ule ule alikopigwa. Na Vibrio humchoma jirani, jirani anapasuka, naye anaokota DNA iliyomwagika na kuitumia. Mvua imenyesha kwa jirani, yeye kinga maji.

Na aina ya V?

Mzigo unaobeba sehemu ya mlango wake. Protini hufika uani kwa Sec. Mkia wake hujikunja kuwa pipa ndani ya utando wa nje kwa msaada wa mashine iitwayo BAM, na sehemu iliyobaki hupitia hapo kwenda nje. Hakuna ATP inayotumika kwenye hatua hiyo ya mwisho. Kujikunja kwa protini upande wa nje kunasaidia kuivuta. Bakteria wa kisonono hutoa hivyo kimeng'enya kinachokata kingamwili za kwenye ute wetu, na wa kifaduro hutumia njia za jamii hiyo kwa protini za kujishikizia kooni.

Utando wa nje wenyewe unajengwaje ikiwa malighafi iko ndani?

Swali zuri, na huulizwa mara chache mno. Uso wa nje wa utando huo umefunikwa na lipopolisakaridi, mafuta yenye mkia mrefu wa sukari. Seli moja ya E. coli ina molekuli zaidi ya milioni 1 za aina hiyo, na ikiwa inagawanyika kila dakika 20, lazima itoe makumi ya maelfu kila dakika. Mafuta hayaogelei uani penye maji.

Jibu ni daraja. Protini saba, LptA hadi LptG, hushikana kutoka utando wa ndani hadi wa nje, na molekuli huteleza juu yake zikifuatana. ATP inachomwa chini, na kila molekuli mpya inayoingia husukuma zilizotangulia, kama abiria wa daladala wanavyosukumwa nyuma na wanaopandia mlangoni. Mpaka juu hakuna nishati nyingine inayohitajika.

Daraja hili limepata umaarufu mpya. Mwaka 2024 ilitangazwa dawa iitwayo zosurabalpini, inayolikwamisha katika Acinetobacter baumannii, bakteria sugu wa hospitalini. Mafuta yanakwama njiani na bakteria anakufa. Dawa hiyo bado iko kwenye hatua za kujaribiwa kwa binadamu.

Dawa ilidunda. Ni pampu?

Huenda. Huenda pia bakteria ana kimeng'enya kinachoivunja dawa, au amepunguza porini zake, au shabaha ya dawa imebadilika. Mara nyingi ni mchanganyiko. Kipimo cha kuotesha na kujaribu dawa hukuambia dawa ipi itafaa, hata kama hakisemi sababu. Kuongeza dozi mwenyewe nyumbani si jibu.

Sasa kuhusu pampu zenyewe. Mwaka 1980 Laura McMurry, Stuart Levy na mwenzao walionyesha kwamba E. coli wenye usugu wa tetrasaiklini hawaivunji dawa, wanaitapika. Wakati ule wengi hawakutarajia hivyo. Pampu ile, TetA, hutoa dawa mpaka uani tu. Pampu inayotuumiza kichwa zaidi ni AcrAB-TolC. AcrB iko utando wa ndani, AcrA inaunganisha, na TolC ni lile bomba tulilolikuta kwenye aina ya I. Bomba hilo lina urefu wa nanomita 14. Muundo wake ulionekana mwaka 2000, na ni mkato wa kweli kutoka uani hadi nje.

AcrB ina sehemu tatu zinazopokezana: moja inapokea, ya pili inabana, ya tatu inatoa, kisha zinabadilishana zamu. Nguvu yake ni protoni zinazorudi ndani. Inakamata mizigo uani au kwenye utando, kwa hiyo dawa nyingi hutolewa kabla hazijafika ndani. Na haichagui: tetrasaiklini, kloramfenikoli, siprofloksasini, hata rangi na sabuni.

Haikuwekwa kwa ajili yetu. E. coli anaishi utumboni kwenye nyongo, na nyongo ni sabuni inayoyeyusha tando. Pampu ilikuwepo zamani ikitoa nyongo. Sisi tukaja na antibiotiki, zikaonekana takataka kama nyingine. Bakteria sugu huiongeza tu idadi.

Ukichanganya pampu inayotoa haraka na porini zinazoingiza polepole, unapata ngome. Vankomisini, yenye daltoni 1,450 hivi, haipenyi kabisa, na ndiyo maana hutumika kwa Gram chanya. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka, kundi la juu kabisa lilikuwa Gram hasi watupu. Dawa za kuziba pampu zimetafutwa kwa miongo, na hadi sasa hakuna iliyofika dirisha la dawa hospitalini.

Kuna wanaotoa mizigo bila mashine yoyote?

Wapo. Utando wa nje huvimba na kumeguka kuwa vifuko vidogo, vingi vikiwa kati ya nanomita 20 na 250, vyenye sumu, vimeng'enya au hata DNA. Zamani vilidhaniwa ni uchafu wa maabara. Vya bakteria wa homa ya uti wa mgongo wa kundi B vimekuwa chanjo: New Zealand ilianza kuitumia mwaka 2004, na vifuko vya aina hiyo vimo pia katika chanjo ya Bexsero. Baadaye ikaonekana kwamba waliochanjwa New Zealand walipata kisonono kidogo kuliko wasiochanjwa; bakteria hao wawili ni ndugu.

Wengine hupasuka. E. coli O157:H7 hana lango maalumu la sumu yake ya Shiga. Kirusi kilichojificha ndani yake kikiamka, seli hupasuka na sumu humwagika. Ndiyo sababu madaktari wengi huogopa kumpa antibiotiki mgonjwa wa maambukizi hayo: baadhi ya dawa humwamsha kirusi.

Aina ya VII mbona umeiruka?

Si ya Gram hasi. Ni ya bakteria wa kifua kikuu na jamaa zao. Lakini kwa kuwa umeuliza, tazama kovu la BCG mkononi mwako: chanjo hiyo ni bakteria hai aliyepoteza kipande cha jeni kinachobeba sehemu ya mfumo mmoja wa aina hii, ESX-1. Kupotea kwa mlango huo ni sababu kubwa ya yeye kuwa mpole.

Nasoma makala nakutana na EpsD, GspD, XcpQ, PulD, OutD. Ni vitu vingapi?

Kimoja. Ni lile lango la duara la aina ya II. Kila kundi la watafiti lilimpa jina kwa bakteria wake: Eps ni ya Vibrio cholerae, Xcp ya Pseudomonas, Pul ya Klebsiella, Out ya wale wanaoozesha mboga na viazi, na Gsp ni jina la jumla. Herufi ya mwisho ndiyo ya kuangalia: D kwa lango, E kwa injini, G kwa kipande kikuu cha kifimbo. Pseudomonas peke yake ndiye aliyepewa herufi zisizolingana na wenzake: lango ni Q, injini ni R, na kipande cha kifimbo ni T. Ziandike pembeni mwa daftari kabla hujafungua makala.